Jina Lako Kwenye Mzigo wa Betri

Kilosa, Jumatano, baada ya adhuhuri

Mwanaidi mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu ukifika mwisho wa barua hii huenda usitake kuniamkia tena, na mimi shikamoo yako nimeizoea.

Mama yako yuko ndani anakufungia mchele, na kila baada ya muda anachungulia kuuliza naandika nini. Nimemwambia naandika wosia wa safari. Amecheka. "Kaka, wewe uliyeishia darasa la tano, wosia wenyewe utaumaliza lini?" Nimemjibu kwamba darasa la tano la enzi zetu ni sawa na chuo cha siku hizi, na kwamba siku naacha shule mwalimu mkuu alitoa machozi. Hakutoa, Mwanaidi. Alisema afadhali. Leo nataka kuandika kweli tupu, lakini mkono wangu umezoea kuongeza, kwa hiyo ukiniona naongeza subiri kidogo, nitarudi kusahihisha.

Najua uko Masanze kumuaga bibi yako, na utarudi jioni. Kesho unapanda basi la Mikumi, na pale stendi Mbaruku anakupokea kukupeleka Tunduma, ukaanze kazi katika ofisi yake ya mizigo. Mambo ya sweta na baridi ya kule, kula kwa wakati, kutopokea soda ya mtu usiyemjua, hayo mama yako ameyasema mpaka kuku wa hapa uani wameyakariri. Mimi nina jambo moja tu, lakini mzizi wake uko mbali.

Unajua nimenunua vyuma chakavu tangu hujazaliwa. Wewe nimekusimulia kwamba niliwahi kubeba gurudumu la behewa begani kutoka stesheni ya zamani mpaka hapa. Tulikuwa watu sita na mkokoteni. Nimekusimulia pia kwamba tembo alitusimamia katikati ya mbuga ya Mikumi, nikashuka kwenye lori, nikamsemesha Kisagara, akapisha njia. Nilikuwa nimejikunja chini ya kiti na dereva ndiye aliyepiga honi. Hizo ni za kuchekesha, hazijamuumiza mtu. Iliyoumiza sijawahi kukusimulia, nayo ni ya Mvumi.

Ulikuwa darasa la nne. Tulikuwa tunaishi Mvumi, ukikaa dawati moja na Rehema, binti wa Athumani jirani yetu. Mwaka ule nilianza kununua betri za magari zilizokufa. Betri ni nzito kwa sababu ya madini ya risasi yaliyo ndani, na wanunuzi walitaka nizilete kavu, zisivuje njiani zikaonekana. Kwa hiyo nilizipasua kwa shoka nyuma ya nyumba na yale maji yake, ile tindikali, nikayamwaga kwenye mfereji. Mfereji ule ulikwenda kwenye dimbwi ambalo ng'ombe wa Mzee Saning'o walikuwa wanakunywa wakati wa kiangazi. Nyasi za kingo zilikauka kwanza. Niliziona. Nikajiambia ni jua.

Ng'ombe walianza kuzunguka kama wamefungwa kamba shingoni, wanagonga miti, wanasaga meno. Halafu wakaanguka. Nilihesabu mizoga kumi na tatu, nikaacha kuhesabu. Wafugaji wakasema wakulima wametega sumu. Wakulima wakasema wafugaji wenyewe wanatafuta sababu. Na Athumani, Mungu anisamehe, alikuwa na bomba la kupulizia dawa kwenye nyanya zake, shamba lake limegusana na dimbwi. Vijana wa Saning'o wakaja na fimbo na sime wakasimama mbele ya nyumba yake.

Ukaitishwa mkutano shuleni. Mimi nikasimama kusema, si unanijua. Nikaongea kuhusu amani na ujirani mpaka watu wakapiga makofi. Mzee Saning'o akaniuliza mbele ya wote, kwa upole kabisa: "Omari, wewe unatembea sana, unajua vitu vingi. Ng'ombe wangu wamekufa na nini?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi si daktari wa mifugo."

Athumani alihama wiki ile ile, mazao yakiwa bado shambani. Wewe ulilia siku tatu kwa ajili ya Rehema. Nilikununulia viatu vyekundu ili unyamaze, na ulipovivaa ukanishukuru. Ndiyo maana tulihamia huku Kilosa mjini. Niliwaambia kwamba nimechoka na mbu.

Sasa njoo hapa karibuni. Ulipomaliza chuo Morogoro ukarudi na cheti chako cha mambo ya forodha, siku ya kwanza tu ulisimama mbele ya lundo langu pale uani, mikono kiunoni. Nakumbuka kila neno.

"Mjomba, hivi vitu ukivivusha mpaka utaviitaje?"

"Mali."

"Mali gani?"

"Mali iliyochoka."

Ulicheka ukakaa chini. "Forodha hawana mali iliyochoka, Mjomba. Wao wanauliza kitu kinafanya kazi au hakifanyi. Friji ukiichomeka ikagandisha, hiyo ni bidhaa iliyotumika. Isipogandisha ni taka, na ile gesi ya ndani ina masharti yake. Chuma kitupu ni chakavu, kinaombewa kibali. Lakini hizi," ukapiga betri teke, "hizi si chuma chakavu hata ukizipaka rangi. Ni taka ya sumu. Hazitoki mpaka nchi inayozituma, zinakopita na inayozipokea ziandikiane na kukubaliana kwanza."

Nikakuuliza, kwa utani, "Na nikiandika kwamba ni vipuri vya magari?"

"Ukiandika vipuri ukatia sahihi, mwongo ni wewe. Betri haina kosa."

Mama yako alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilijisikia kama nimemzaa waziri. Na badala ya kukaa na maneno yale moyoni, nilifanya kama kawaida yangu, nikaenda kuyatangaza. Nilimpigia Mbaruku, ambaye nilikuwa namuuzia betri miaka yote hii, nikamwambia mpwa wangu anajua sheria za mpaka kuliko maofisa wenyewe. Nikamwambia wanamwandikia kutoka nje kumwomba ushauri. Hilo la nje nililitunga palepale.

Mbaruku akasema, "Kumbe una mtaalamu ndani ya nyumba, Omari, na hunitajii."

Wiki ile akaja. Unamkumbuka, alikuletea kitenge, akaongea na wewe kwa heshima, akakuuliza kama uko tayari kufanya kazi mbali. Ulipokwenda dukani, akasogeza kiti.

"Kwenu Wasagara," akaniuliza, "si mjomba ndiye mwenye mtoto?"

"Ndiye," nikamwambia. "Baba mgeni tu. Mjomba ndiye anayesema."

"Basi wewe ukisema, imetosha."

"Imetosha na kubaki."

Akaeleza kwamba kazi aliyokuandalia ni kubwa. Anataka akufanye mfanyabiashara, siyo karani. Akufungulie usajili wa kusafirisha mizigo kwa jina lako, ili ukifika Tunduma ukute kila kitu tayari, iwe zawadi. Akasema nisikwambie, zawadi ikitangazwa haina ladha. Alichotaka ni namba ya kitambulisho chako tu. Mimi nikafungua sanduku la mama yako, nikatoa kitambulisho, nikakipiga picha. Nilijiona mkubwa, Mwanaidi. Sikufikiri hata mara moja kwamba mtu aliyesoma kama wewe anapaswa kuulizwa.

Tukaenda steshenari ya pale sokoni. Ule mtandao hautoi usajili hivihivi, unamuuliza mtu maswali ili ujue ni mwenyewe. Jina la kwanza la mama yake. Kata aliyozaliwa. Shule ya msingi aliyosoma. Yule kijana wa steshenari alikuwa anasoma swali, na mimi kabla hajamaliza nimejibu. Swali la shule alilirudia mara mbili, nikamwambia andika Mvumi, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa baiskeli. Mbaruku akanipiga bega akasema, "Mjomba wa kweli." Na mimi nikafurahi kama mwanafunzi aliyepata zote.

Hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuyajibu yale maswali, isipokuwa mama yako na mimi. Mgeni asingeweza kuiba jina lako. Ilibidi atumwe mtu aliyekulea.

Nikadhani limekwisha, wiki zikapita. Jumatatu nilikwenda Mikumi kuangalia injini mbovu ya trekta. Pale wanapoegesha malori nikamkuta Mashaka, dereva wa Mbaruku, anakunywa chai peke yake, anageuka kila gari likipita. Yule mtu ninavyomjua, hata angemkuta simba barabarani angemuuliza leseni. Nikamtania, "Vipi, mke amekufukuza?"

Hakucheka. "Kaka Omari, mzigo umekamatwa."

"Mzigo gani?"

"Makaratasi yanasema vipuri vilivyotumika. Mbele tulipanga injini na magiaboksi, nyuma yote betri, kavu, zimefunikwa turubai. Wa kwanza ulipita. Huu wa pili watu wa forodha Tunduma walishusha mpaka sakafu. Mimi waliniandikisha maelezo wakaniachia, gari limebaki."

"Si la Mbaruku hilo, atalimaliza."

"Ndiyo nakwambia sasa. Kwenye makaratasi Mbaruku hayumo. Wanamtafuta mwenye mzigo. Ni mwanamke." Akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanaidi nani sijui, wa huku kwenu Kilosa. Unamjua?"

Nilisoma majina yako matatu, yote sahihi, hata herufi hazijakosewa. Nikamwambia simjui.

Ni mara ya pili, unaona. Mbele ya Saning'o nilisema mimi si daktari, na mbele ya Mashaka nikasema simjui mtoto wangu.

Mashaka akaendelea kuongea, hakujua anaongea na nani. Akasema taka ikiwa porini haina mwenyewe, kila mtu anairuka anapita, lakini ikifika mpakani lazima apatikane wa kuitwa mwenyewe. Huyo ndiye atakayeambiwa airudishe kwa gharama zake, na ndiye atakayesimama mahakamani kwa tamko la uongo. Akasema Mbaruku hana wasiwasi hata kidogo. Amemwambia, "Mwenye mzigo namleta mwenyewe, kwa mkono wangu. Akishaweka sahihi ya kuukubali mzigo, mimi na wewe tunakwenda kulala."

Hiyo ndiyo kazi unayokwenda kuanza, mama.

Tangu Jumatatu nimejaribu kukwambia mara tatu. Jana ulikuwa unapiga pasi, nikasimama mlangoni, ukaniambia, "Mjomba, nikipata mshahara wa kwanza nakununulia redio." Nikarudi uani. Mimi ninayeongea msibani mpaka marehemu anachoka kusubiri, nilikosa sentensi moja. Kwa hiyo naandika.

Na Mbaruku anapiga kila siku. Jana aliuliza kama unacho kitambulisho chenyewe, siyo kivuli. Akauliza una simu ngapi. Akasema usije na mtu wa kukusindikiza, gari halina nafasi, na gari lenyewe ninalijua, linabeba watu saba. Leo asubuhi ameuliza utavaa nguo ya rangi gani. Nimemwambia sijui. Ni kweli sijui, lakini sauti yangu ilitoka vibaya, na nadhani aliisikia.

Nataka ufanye hivi, na hapa siongezi chumvi. Usiende Tunduma. Nenda Morogoro kwa yule mwalimu wako wa chuo unayemsifu, akupeleke ofisi ya forodha akiwa shahidi. Waambie kuna tamko la mzigo limeandikwa kwa jina lako na hukuliandika. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba anayekwenda kwao kwa miguu yake hawamtazami sawa na anayeletwa. Nenda kabla hujaletwa. Usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote ya kukubali mzigo, hata ukiambiwa ni ya kupokea mshahara, hata ukiambiwa Mjomba ameruhusu. Mjomba hana ruhusa. Hakuwa nayo hata siku ile.

Wape barua hii. Nimeandika majina yangu kamili chini na kuweka dole gumba, kwa sababu sahihi yangu hubadilika kila siku. Waambie namba ya simu iliyoko kwenye usajili ule ni yangu, laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu, na ule ujumbe wa kuthibitisha uliingia kwangu. Waambie kijana wa steshenari alituona. Waambie na ya Mvumi pia, hata kama hawatauliza. Dimbwi lile watoto bado wanalichezea, na Athumani mpaka leo watu wanamwita mwenye sumu.

Najua utafikiria habari ya kunificha. Utasema Mjomba mzee, Mjomba ndiye aliyenilea, niseme sijui aliyejibu maswali. Usifanye hivyo. Nimekaa na jambo la ng'ombe miaka yote hii na ninakuambia ukimya hauozi. Ule mfereji niliuona mwaka jana nilipopita. Nyanya, bamia, hata magugu hayajarudi. Mtu amepanda mihindi pembeni, imetoka ya njano kama imetoka hospitali, na wanaila.

Kama watanifunga, watanifunga. Huko nako nitawaambia wenzangu kwamba niliingia kwa kupigana na askari kumi. Hilo usilisahihishe.

Niliacha kuandika kidogo. Simu iliita.

Nakuandikia Mbaruku alivyosema. "Omari, kesho naona mbali. Nimeamua kuja kumchukua mwenyewe leo. Nimeshakipita kijiji cha Ulaya. Binti yupo?"

Nikamwambia yupo. Nikamwambia ana homa, amelala, mama yake anamkanda.

"Ataumwa garini," akasema. "Tupo watatu, tutambeba."

Huo uongo wa homa nimeusema bila kufikiri, na nadhani ndiyo mara ya kwanza uongo wangu kumfaa mtu mwingine.

Basi yale ya kesho yafute. Mama yako nimemsomea kila kitu, kuanzia Mvumi. Amevaa viatu, amechukua kitambulisho chako sandukuni na begi lako dogo, na bodaboda ya Juma wa jirani inamsubiri nyuma, upande wa reli ya zamani. Anakuja Masanze kwa njia ya mashambani, na barua hii ataificha kifuani. Usimuulize kitu kwanza, panda. Msipite hapa nyumbani wala sokoni. Nendeni stesheni mpya mkasubiri treni ya umeme ya Morogoro, mkae ndani pale penye walinzi na taa, siyo nje kwa wauza karanga. Mpigie mwalimu wako mkiwa ndani ya treni.

Mimi nabaki. Mlango wa chumba chako nimeufunga, taa nimeiacha inawaka, na nimeweka beseni la maji na kitambaa pale kizingitini. Nitawakaribisha, nitawaambia umepata usingizi sasa hivi, wasubiri jasho likauke. Nina maneno ya kuwatosha kwa muda fulani. Sijui muda gani.

Mwanaidi, simu yangu ikikuita leo, hata ukisikia kabisa kwamba ni mimi, sauti yangu mwenyewe, nakutaja jina na kukwambia mambo yamekwisha, urudi nyumbani, usirudi.

Mjomba wako,
Omari Saidi
(na dole gumba langu la kulia)